Pikapu ya turbo inamisi (silinda inakosa kuwaka) nikipanda mlima na tela, plagi mpya, koili mpya, bado tu

MzeeWaTela
Wakuu habari zenu, naomba msaada maana hapa nilipofika nimeanza kuiangalia hii gari kwa jicho baya. Ni pikapu ya petroli, V6 (silinda sita, tatu kila upande), turbo mbili, mafuta yanapulizwa moja kwa moja ndani ya silinda, imetembea kilomita 164,000. Ikisimama inaunguruma safi, barabara ya tambarare haina neno. Shida inaanza nikifunga tela nikakuta mlima, gari iko gia ya juu, raundi kama 1,900 hivi, nakanyaga mafuta kidogo ili turbo zianze kusukuma, hapo hapo inaanza kujikwaa, gu-gu-gu, kama kuna mtu anaipiga mateke kwa nyuma. Taa ya injini inapepesa mara tano sita halafu inabaki imewaka. Nikiachia mafuta inatulia kama vile si yenyewe.

Kompyuta ilisoma kodi P0300 (misi bila kutaja silinda) na P0304 (misi silinda namba 4). Fundi akasema plagi, tukanunua sita. Akasema na koili (inayoipa plagi umeme) ya silinda namba 4 kwa sababu kodi imeitaja, tukanunua. Ikaenda vizuri siku nane, ya tisa mlima ule ule, mateke yale yale, kodi zile zile. Nimerudi kwake sasa anasema ni pampu ya mafuta ya presha kubwa, eti upande mmoja wa injini unaonyesha mafuta hayatoshi. Bei ya hiyo pampu nimeisikia nikatafuta pa kukaa. Kabla sijatoa hela nimeona niulize kwanza, kuna aliyepitia hii?

Mzee_Dizeli
Uza hiyo kitu nunua dizeli, haina plagi wala koili, utalala usingizi.

Spana10
Mkuu usinunue kitu kingine chochote, pampu ikae dukani kwanza. Na tela lipumzishe. Taa ikiwaka tu ni jambo moja, taa ikipepesa ni jambo lingine kabisa, hapo kompyuta inakwambia misi zimekuwa nyingi kiasi cha kuunguza katalitiki, kile kisafisha moshi. Petroli ambayo haikuwaka ndani ya silinda inaenda kuwakia huko kwenye bomba la moshi, yale masega ya ndani yanapata joto mpaka yanayeyuka na kuziba, ukifika huko bei ya pampu utaiona ya kirafiki.

Halafu tuelewane kitu kimoja, P0304 haimaanishi koili ya nne imekufa. Kompyuta haina jicho ndani ya silinda. Kinachofanyika ni kwamba kuna sensa inaangalia mzunguko wa krankshafti, kila silinda ikiwaka inaisukuma ile shafti kidogo, sasa ikifika zamu ya silinda fulani na msukumo haukuja, shafti inapunguza mwendo kwa sehemu ndogo sana ya sekunde na kompyuta inaandika jina la aliyekosa. Basi. Imekosa kwa sababu ya moto, mafuta, hewa au kompresheni (mgandamizo ndani ya silinda), hiyo ni kazi yako kujua.

Naomba vitu vifuatavyo. Ile data kompyuta iliyohifadhi wakati kodi inaingia (frizi fremu), yaani raundi, mzigo, spidi, joto, na asilimia za marekebisho ya mafuta pande zote mbili. Kama fundi ameifuta hiyo kodi na data imeenda nayo, ila kwa kuwa imerudi tena itakuwepo mpya. Pili, gepu ya hizo plagi mpya (ile nafasi cheche inaporuka) mlipima mkakuta ngapi? Tatu, plagi za zamani zipo, na unajua ipi ilitoka wapi?

MzeeWaTela
Asante Spana10. Nimepiga picha kwenye mashine: mzigo asilimia 91, raundi 1,940, spidi 58, joto la maji 93. Marekebisho ya mafuta ya muda mrefu, yaani asilimia ambayo kompyuta inaongeza, upande wa kwanza +2, upande wa pili +9. Hapo ndipo fundi aliposhikilia pampu.

Gepu hatukupima, fundi alisema zinatoka kiwandani zimeshapangwa. Plagi za zamani zipo zote kwenye boksi moja, zimechanganyika kama njugu.

KamaKawa
+9 hiyo gari ina njaa ya mafuta, haina mjadala. Badilisha pampu na nozeli zote sita zinazopuliza mafuta umalize kazi mara moja badala ya kuzunguka zunguka.

Spana10
KamaKawa ngoja kwanza. Pampu ya presha kubwa kwenye gari hii ni moja, inalisha pande zote mbili. Kama pampu ingekuwa imechoka, pande zote zingelia njaa. Huyu upande wa kwanza ana +2, huyo ameshiba. Njaa ya upande mmoja haitoki jikoni, inatoka mezani.

Na hiyo +9 yenyewe inaweza kuwa ya uongo. Silinda ikikosa kuwaka kwa sababu ya moto, ile hewa iliyoingia inatoka na oksijeni yake yote haijatumika. Sensa ya kwenye ekzosi haijui habari za petroli ambayo haikuungua, yenyewe inanusa oksijeni tu, inaona oksijeni nyingi inapiga kelele mafuta hayatoshi, kompyuta inaongeza mafuta. Kwa hiyo misi ndiyo imeleta +9, na si lazima +9 iwe imeleta misi. Nimeshaona watu wamebadilisha nozeli kwa ugonjwa wa koili kwa sababu ya hii hii namba.

Mkuu ukitaka kuimaliza kesi ya pampu bila kununua pampu, chukua mashine inayosoma data ikiwa inatembea, weka presha ya reli ya mafuta inayotakiwa na iliyopo, mwenzako aangalie wewe ukiendesha. Mkipanda mlima bila tela mkanyage. Pampu iliyochoka utaiona, inayotakiwa inapanda, iliyopo inabaki nyuma au inaporomoka, na mara nyingi inakuja na P0087, kodi ya presha ndogo ya mafuta.

Sasa turudi kwenye gepu maana hapo ndipo nina wasiwasi. Kwenye injini ya turbo gepu si jambo la mapambo. Cheche inaruka kwenye hewa, na hewa ikibanwa zaidi inakuwa ngumu zaidi kuirukia. Turbo ikisukuma kama psi 15 maana yake hewa inayoingia ni karibu mara mbili ya ile ambayo injini ingevuta yenyewe, halafu pistoni inakuja kuibana tena hiyo hiyo. Koili inatakiwa itoe volti nyingi sana kuvuka pale. Gari ikisimama hewa ndani ni kidogo, hata cheche dhaifu inavuka, ndiyo maana yako inaunguruma safi. Mpe mlima, tela, raundi za chini na turbo imejaa, hapo ndipo silinda inakuwa imeshindiliwa kuliko wakati wowote na cheche inatafuta njia nyingine rahisi ya kwenda. Injini nyingi za turbo zinataka gepu kama 0.7 mpaka 0.8 mm, ya kwako iangalie kwenye kitabu. Kama zimetoka boksi na 0.9, hiyo ni karibu asilimia 20 zaidi ya 0.75 na koili inaijua hiyo tofauti hata kama wewe huioni kwa macho.

DadaTorki
Niongeze hapo, usipime gepu ya plagi ya iridiamu kwa kile kipimo cha duara kama sarafu unachokisukumiza katikati, ile ncha ni nyembamba kama sindano na inakatika. Tumia cha waya. Na ukipinda pinda ule mkono wa pembeni tu, ile ncha ya katikati usiiguse wala usiiegemee. Mimi niliua mbili kwa siku moja kwa ujuaji.

Plagi pia zifunguliwe injini ikiwa ya baridi, silinda hedi ni aluminiamu, ukilazimisha ya moto unatoka na uzi wake.

Mzee_Dizeli
Nyie mna kazi.

MzeeWaTela
Nimerudi. Presha ya mafuta: mlimani bila tela nimekanyaga mpaka ikajikwaa kidogo, inayotakiwa 148 bar, iliyopo 146, nikakanyaga tena 152 kwa 151. Haijashuka hata mara moja. Pampu nimeisamehe.

Kesho nafungua plagi. Swali, ile ya kuhamisha koili kutoka silinda moja kwenda nyingine kuona kama kodi inafuata, nifanye pamoja na plagi au koili peke yake?

Spana10
Zitenganishe. Koili ya 4 ipeleke 2, plagi ya 4 ipeleke 6, nozeli iache ilipo. Ukienda mlimani kodi ikija P0302 ni koili, ikija P0306 ni plagi, ikibaki P0304 basi shida imebaki nyumbani, nozeli, waya, au kompresheni. Ukihamisha vyote viwili kwenda sehemu moja halafu kodi ikahama hujajua chochote.

Ila kabla hujafungua boliti hata moja, una uhakika silinda namba 4 ni ipi? Nauliza kwa nia njema. Kuna V6 zinahesabiwa 1-2-3 upande mmoja na 4-5-6 upande wa pili, kuna nyingine ni 1-3-5 huku na 2-4-6 kule, na hata upande gani ndio wa kwanza inategemea aliyeitengeneza. Angalia kitabu cha gari yako, usimuulize mtu.

MzeeWaTela
Wakuu.

Nimekaa kwenye ndoo hapa nacheka peke yangu.

Kitabu kinasema 1-3-5 na 2-4-6. Koili mpya, ile yenye mpira unaong'aa, iko ya kwanza kabisa mbele upande wa pili. Fundi amehesabu 1-2-3 huku, akahamia huku akasema 4. Nikasema ngoja nisibishane na kitabu, nithibitishe. Nikatoa soketi ya hiyo koili mpya nikawasha gari sekunde chache tu nikazima, mashine ikaleta P0352, mzunguko wa koili B. A ni moja, B ni mbili. Yaani tumeweka koili mpya kwenye silinda namba 2 ambayo haikuwa inaumwa, na ya nne yenyewe iko katikati chini ya bomba la hewa la turbo, koili yake haijaguswa tangu gari izaliwe, vumbi la pale halina alama ya kidole. Plagi lazima aliibadilisha maana mpya sita zote ziliisha, ila koili aliirudisha ile ile ya zamani.

DadaTorki
😂😂😂 nisamehe mkuu

KamaKawa
Pole sana aisee. Ila plagi mpya ndizo zilizokupa zile siku nane.

Spana10
KamaKawa hapo umesema. Plagi mpya ina ncha kali, cheche inatoka kirahisi, ile koili dhaifu ikapata ahueni kidogo, baadaye ikarudi kulala.

Mkuu sasa nenda kwenye ile ya katikati taratibu. Koili usiivute moja kwa moja, izungushe kwanza kushoto kulia mpaka mpira uachie plagi, ndipo uinue. Ukiitoa mulika tochi ndani ya shimo kabla ya kupeleka spana. Kama kuna mchanga, pulizia upepo utoke. Kama kuna oili, inyonye kwanza kwa bomba la sindano na kampira au kitambaa kwenye waya, maana ukilegeza plagi yote inashukia ndani ya silinda.

MzeeWaTela
Kuna oili. Kama vijiko viwili hivi, nyeusi, inanukia kuungua. Nimeinyonya.

Koili ilitoka kwa shida, ule mpira wake umevimba na umelegea, ukiuminya unabaki na alama ya kidole kama unga uliokandwa. Mwanzo sikuona kitu kingine. Nikaenda nao juani, nikaugeuza pole pole, kwa ndani kuna mstari mwembamba sana wa rangi ya kijivu kuanzia chini unapanda mpaka karibu na juu, umepinda pinda kama radi ndogo. Nikachukua plagi nikaiangalia kwenye ule udongo mweupe, upande ule ule uliokaa na mpira kuna mstari mweusi wa kalamu. Nimefuta kwa petroli haitoki. Plagi hii ina wiki tatu tu!

Gepu nimepima zote: 0.90, 0.88, 0.91, 0.90, 0.89 na hiyo ya namba 4 ni 0.90. Kitabu kinataka 0.75.

Spana10
Hapo umemkamata. Hiyo mistari miwili ni njia moja. Umeme ulikuwa umechoka kuvuka 0.9 kwenye hewa iliyoshindiliwa, ukatafuta pa kupita, ukashuka juu ya udongo wa plagi chini ya mpira mpaka kwenye chuma cha silinda hedi, cheche ikaishia nje ya chumba badala ya ndani. Ukishapita mara moja unaacha kaboni, na kaboni inapitisha umeme, kwa hiyo safari ya pili ni rahisi kuliko ya kwanza na ya kumi ni barabara ya lami.

Kwa hiyo usifanye kosa la kubadilisha koili ukaacha hiyo plagi, hata kama ina wiki tatu. Ule mstari wa kalamu utauchora mpira mpya ndani ya siku chache. Vinatoka pamoja. Na usidanganyike kwamba umeufuta, ukishaingia kwenye udongo hautoki.

Oili ndiyo iliyoanza. Mpira wa koili haupendi oili, unavimba, unalegea, unaacha nafasi kati yake na plagi. Oili imetoka kwenye sili ya shimo la plagi, ipo kwenye tapeti kava (kifuniko cha juu cha injini), kwenye gari nyingine sili zinauzwa peke yake na nyingine zinakuja pamoja na gasketi yote. Angalia na mashimo mengine matano.

MzeeWaTela
Namba 2 na 6 zina unyevu unyevu, upande wa kwanza pakavu kabisa. Nimeagiza gasketi na sili za upande wa pili, plagi moja, na mpira wa koili kama unauzwa peke yake.

DadaTorki
Mimi ningeweka koili kamili hapo. Mpira peke yake ni sawa kama koili ni changa, ila hiyo imefanya kazi kilomita 164,000 na muda mrefu imekuwa ikipiga volti za juu kuliko inavyotakiwa. Tena si unayo? Ile mpya iliyoko namba 2 ihamishe namba 4, na ile ya zamani ya namba 2 ambayo haikuwa na kosa lolote irudi kwake. Hujanunua kitu.

MzeeWaTela
DadaTorki ubarikiwe, hilo sikulifikiria kabisa. Ya zamani fundi alinirudishia kwenye boksi la ile mpya.

Spana10
Safi. Ikague kwanza mpira wake ndani nje kwa maana na shimo la 2 lina unyevu, kama uko mgumu na mkavu irudishe. Ukifunga, paka grisi ya silikoni kidogo sana ndani ya mdomo wa mpira, ile isiyopitisha umeme, si grisi ya bearing. Nyuzi za plagi usipake kitu kama plagi imepakwa rangi ya fedha kiwandani, grisi inafanya spana ya torki isome uongo na unakaza kupita kiasi. Kaza kwa namba ya kwenye kitabu.

Nyundo2
Samahani kuingilia, ya kwangu ni turbo pia na petroli inapulizwa moja kwa moja lakini inamisi asubuhi tu, dakika mbili za kwanza, kodi P0316 na P0300, ikishapata joto ni nzuri hata mlimani. Ni gepu pia?

Spana10
Nyundo2 ya kwako ni ndugu wa mbali. P0316 ni misi iliyoonekana mwanzo mwanzo tu baada ya kuwasha. Gepu ingekusumbua kwenye mzigo, na wewe mzigo huna shida nao. Mimi ningefikiria vitu vitatu. Nozeli inayodondosha mafuta usiku silinda inaamka imelowa. Maji ya rejeta yanayochuruzika kidogo kidogo kwenye silinda moja, hapo angalia kama maji yanapungua bila kuonekana yanapoenda, na moshi mweupe wenye harufu tamu asubuhi. Na ya tatu ni kaboni kwenye valvu za kuingiza hewa, maana kwenye injini hizi petroli haipiti mgongoni mwa valvu kuisafisha kama zile za zamani, mvuke wa oili unagandia pale unakuwa kama ukoko wa sufuria, injini ikiwa ya baridi ule ukoko unaharibu upepo unavyoingia.

Laza gari, asubuhi kabla ya kuwasha toa plagi ingiza kikamera. Pistoni moja ikiwa inang'aa imeoshwa na zingine zina masizi, huyo ndiye. Kama zote ziko sawa angalia valvu kupitia manifoldi (mabomba ya kuingizia hewa). Dawa za kumwaga kwenye tangi hazifiki kwenye hizo valvu, usipoteze hela, ukoko wa kweli unatolewa kwa kufungua manifoldi na kupuliza unga wa maganda ya jozi.

Mzee_Dizeli
Unga wa maganda ya jozi. Sawa.

DadaTorki
Mzee_Dizeli wewe si ndiye juzi ulikuwa unalalamika ya kwako inatetemeka ikisimama?

Mzee_Dizeli
Hiyo ni nozeli bwana, siyo misi.

DadaTorki
Ndiyo misi yenyewe hiyo 😂 silinda isiyosukuma ni silinda isiyosukuma, haijali unatumia mafuta gani. Ulipima mrejesho wa mafuta ya nozeli?

Mzee_Dizeli
Nilipima. Nilichomoa vile vihozi vya kurudisha mafuta nikaweka chupa nne zinazofanana, nikaiacha inaunguruma, tatu zilijaa sawa sawa, ya tatu kutoka mbele ilijaa zaidi ya mara tatu ya wenzake. Nozeli moja tu imebadilishwa ikatulia. Mmeridhika?

DadaTorki
Tumeridhika. Na hiyo ni njia nzuri sana, chupa nne na macho yako.

Nirudi kwa MzeeWaTela, kama ukimaliza hayo yote bado inajikwaa, angalia intakula yako (kile kipoza hewa ya turbo). Ya kwangu ilinitesa msimu mzima wa mvua. Naendesha saa nzima mwendo mmoja, hewa ina unyevu, turbo inasukuma taratibu, unyevu unageuka kuwa maji ndani ya intakula unakusanyika chini. Halafu nataka kumpita mtu nakanyaga kwa nguvu, upepo unayabeba yale maji yote kwa mkupuo mmoja yanaingia kwenye silinda, gari inakufa sekunde mbili tatu katikati ya barabara nikiwa ubavuni mwa lori. Kodi P0300 peke yake bila kutaja silinda, na kesho yake jua likiwaka haionekani. Nilikuja kujua nilipofungua hozi ya chini, maji yakamwagika kwenye kiatu.

Spana10
Ya DadaTorki ikumbukeni, inapoteza watu wengi. Tofauti yake ni kwamba silinda zinapigwa ovyo, siyo mmoja yule yule kila siku kama namba 4 ya mzee wetu. Na kama kodi haimtaji mtu, pamoja na maji angalia pia hozi na klampu za turbo, ziba mdomo wa kuingilia hewa, pulizia upepo mdogo na povu la sabuni, hewa inayotoroka itajitangaza.

Kwa yule ambaye moto upo, mafuta yapo na bado silinda ile ile inakosa, hapo hakuna ujanja, pima kompresheni. Namba yenyewe si muhimu sana kama tofauti kati yao, wa chini asiwe chini ya robo tatu ya wa juu. Ikishuka sana moja, jaza hewa hiyo silinda pistoni ikiwa juu valvu zote zimefungwa, halafu sikiliza. Ikipumua kwenye kifuniko cha oili ni ringi, ikipumua kwenye ekzosi ni valvu ya kutolea, ikipumua kwenye bomba la hewa ni ya kuingizia, rejeta ikitoa mapovu ni gasketi ya silinda hedi.

MzeeWaTela
Wakuu nimerudi na matokeo, samahani nimechelewa, gasketi ilichukua siku sita kufika.

Tapeti kava ya upande wa pili imefunguliwa, sili za zamani zimekuwa ngumu kama plastiki, moja imekatika nilipoishika. Nimeweka mpya. Plagi mpya namba 4, zote sita nimezipanga 0.75, hiyo kazi peke yake imekula saa nzima kwa maneno ya DadaTorki yananizunguka kichwani kila nikigusa ile ncha. Koili mpya imehamia namba 4, ya zamani ya namba 2 mpira wake mgumu na mkavu, nimeirudisha kwake.

Nimefuta kodi, nimeendesha siku mbili bila tela, halafu jana nimefunga tela na mzigo ule ule nikaenda mlima ule ule. Nilishika usukani kama naenda kupigana. Raundi 1,900, nikakanyaga, turbo zikaingia, ikapanda. Hakuna teke. Nikarudi chini nikapanda tena, safari hii kwa makusudi gia ya juu, nikitaka kuiudhi. Hakuna kitu.

Nimefungua ile Modi 6 kwenye mashine, hesabu ya misi ya silinda moja moja kwa safari hii: sifuri zote sita. Lile wastani la safari kumi zilizopita namba 4 bado ina 38, nadhani ni ya zamani inaisha pole pole. Na marekebisho ya mafuta upande wa pili yameshuka kutoka +9 mpaka +3 bila kugusa pampu wala nozeli.

Spana10
Hiyo 38 itayeyuka safari baada ya safari. Iangalie tu isipande. Na sensa ya nyuma ya katalitiki iangalie kwenye grafu, ikitulia karibu mstari mmoja wakati ya mbele inachezacheza, katalitiki imepona. Ikianza kuiga ya mbele subiri P0420, kodi ya katalitiki iliyochoka.

MzeeWaTela
Imetulia, nimeiangalia jana hiyo hiyo. Nimebaki na koili ya zamani ya namba 4 yenye radi yake ndani, nimeipeleka kwa fundi nikamwonyesha ule mstari juani. Aliuangalia muda mrefu, akaniomba abaki nayo.

Mzee_Dizeli
Na hela ya koili?

MzeeWaTela
Hiyo hakuiongelea.